Maswali yenu kuhusu Jhulan, binti wa treni ya alfajiri

Wiki iliyopita niligusia habari za Jhulan Goswami, mrushaji wa zamani wa timu ya kriketi ya wanawake ya India. Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Binti yangu ana miaka 15 na ndiyo kwanza ameshika mpira wa kriketi. Amechelewa? (Mama, Majengo, Moshi)

Hajachelewa, mama. Desemba 1997 Jhulan alikuwa muokota mipira Eden Gardens, Kolkata, siku Australia ilipoifunga New Zealand kwenye fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Alikuwa na miaka 15 hiyo hiyo. Januari 2002 alikuwa ndani ya jezi ya India, akicheza dhidi ya England.

Katikati hapo kuna treni. Kwao ni Chakdaha, mji mdogo wa Bengal Magharibi, na mazoezi yalikuwa Kolkata, umbali unaopungua kidogo tu ule wa Moshi na Arusha. Alidamka gizani, maana treni ikimwacha, basi mazoezi nayo yamempita. Binti yako uwanja uko mwendo wa bodaboda. Swali ni nani atakayemwamsha.

Wiketi 255 ni nyingi kiasi gani? (Mwanafunzi, Njiro, Arusha)

Wiketi moja ni mpigaji mmoja uliyemtoa uwanjani. Hakuna mwanamke aliyechukua nyingi kuliko yeye katika mechi za kimataifa za siku moja. Alizipata katika mechi 204. Kila mechi mrushaji haruhusiwi kuvuka ova 10, yaani mipira halali 60. Jumla alirusha zaidi ya mipira 10,000, na kila mmoja aliukimbilia kwa kasi. Hebu jaribu mipira 60 tu jioni moja, kisha kesho yake uniambie bega linasemaje. Mei 2017 ndipo alipompita Cathryn Fitzpatrick wa Australia, aliyekuwa na 180.

Hakuwahi kutwaa Kombe la Dunia. Kwa nini unamsifu hivyo? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Kaka, umenigusa penye kidonda. Fainali ya 2005 India ilipigwa na Australia. Ile ya 2017 pale Lord's, uwanja wa London, ndiyo inayouma: Jhulan alirusha ova zake 10, akaruhusu mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 23 tu na kuchukua wiketi 3. England ikaishia mikimbio 228. India ikafika 191 ikiwa imepoteza wiketi 3, kisha zilizobaki zikaporomoka kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Ikafa kwa 219. Mikimbio tisa! Mrushaji hapo alaumiwe kwa lipi?

Kombe la Dunia la 2022 aliumia ubavu, akakaa nje mechi ambayo India ilifungwa na Afrika Kusini mpira wa mwisho na kutolewa.

Halafu ikaja Novemba 2, 2025. India ilitwaa kombe Navi Mumbai, yeye akiwa ameshastaafu miaka mitatu. Nahodha Harmanpreet Kaur na wenzake wakampelekea kombe mikononi pale pale uwanjani. Alilia. Nami huku Moshi sikuwa mkavu.

Mechi yake ya mwisho si walishinda kwa hila? (Babu mpenda haki, Arusha)

Shikamoo babu. Hapana. Septemba 24, 2022, Lord's, Charlie Dean, mpigaji wa England aliyesimama upande wa mrushaji, alitoka kwenye mstari kabla mpira haujarushwa, na Deepti Sharma, mrushaji wa India, akaangusha vijiti vya upande huo, Dean akawa ametolewa. Sheria inaruhusu. Jhulan mwenyewe siku hiyo alitolewa kwa mpira wa kwanza alipokwenda kupiga, kisha akarudi kuchukua wiketi 2.

Alilipwa vizuri? (Dada wa saluni, Moshi)

Si kama wanaume. Oktoba 27, 2022 bodi ya kriketi ya India ilitangaza posho ya mechi iwe sawa kwa wanawake na wanaume. Hesabu mwenyewe: alikuwa amestaafu mwezi mmoja na siku chache. Hapo mimi huwa nanyamaza, maana nikianza sitaacha.

Tuanze na mpira gani? (Mwalimu wa michezo, Himo)

Wa tenisi, mwalimu, miezi ya mwanzo. Ule wa ngozi wa wanawake una gramu 140 hadi 151, mwepesi kidogo kuliko wa wanaume, lakini usikudanganye. Mimi niliudaka mmoja vibaya kwenye uwanja wa changarawe, tena urushaji wa kitoto tu. Kidole kiligoma kunyooka, na pete ya ndoa naivaa mkono wa pili.