Seng'enge ya miba na mbwa wa kazi: anza na uzi wa juu, uzi wa chini na mapito yao

Mkuu, umeuliza kama ung'oe seng'enge yote ya malisho yako kule Longido baada ya mbwa wawili wa kuchunga kuchanika ndani ya mwezi mmoja, mmoja kwapani na mwingine kwenye kinena. Usiing'oe yote. Mahali mbwa alipochanika panaonyesha alivuka vipi. Anayejipenyeza kati ya uzi na uzi huchanika kwapa, kifua na tumbo. Anayepita chini huchanika mgongo na kiuno. Anayeruka huchanika kinena, mapaja na ala ya uume, au chuchu kama ni jike. Anayeugonga uzio kwa mbio huumia shingo, macho na masikio. Nyuzi za katikati, zinazomzuia ng'ombe asiegemee, ndizo zenye lawama ndogo zaidi. Kwa hiyo fedha yako iende kwenye uzi wa juu kabisa, uzi wa chini kabisa, na zile sehemu chache ambazo mbwa wako huvukia kila siku.

Kwanza uelewe kwa nini mbwa mwenye akili timamu anaingia kwenye waya anaoujua. Mbwa anayefukuza mbweha au kumrudisha mbuzi aliyetoroka anamwangalia mnyama, haangalii kilicho katikati. Waya wenye kutu una rangi ileile ya nyasi kavu. Mbwa haoni vitu vyembamba kwa ukali kama sisi, na nyekundu na kijani kwake havitofautiani sana. Anachokiona vizuri ni bluu na manjano. Wanaofunga vitambaa vyekundu wanajionyesha wao wenyewe, si mbwa. Chukua dumu la manjano la lita 20 lililopasuka, likate vipande vya sentimita 10 kwa 15, toboa tundu juu na chini, ukifunge kila kipande kati ya nyuzi mbili kwa waya laini, kila baada ya mita moja pale mbwa wanapovuka. Usitumie vipande vya mifuko ya plastiki. Ndama huvitafuna, na vikijaa tumboni unapoteza mnyama mwingine.

Waya uliolegea ni mbaya kuliko uliokaza. Mbwa akiruka na miguu ya nyuma ikaingia kati ya uzi wa juu na wa pili, nyuzi zile hupishana na kuubana mguu kama mkasi. Mwili unaangukia upande wa pili, kichwa chini, na kila akihangaika miba inazama zaidi. Akikaa hivyo kwa saa kadhaa damu haifiki wayoni, na mguu unaweza kupotea hata kama kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa.

Marekebisho yenyewe sasa. Kama ni malisho ya ng'ombe tu, badilisha uzi wa juu na wa chini viwe waya laini usio na miba. Wa juu uwe sentimita 105 hadi 110 kutoka ardhini, wa pili uwe chini yake kwa sentimita 30 au zaidi ili nyuzi zisiweze kuufunga mguu, na wa chini uachwe sentimita 45 juu ya ardhi ili mbwa apite bila kugusa. Kati ya nguzo na nguzo weka fito mbili za kushikilia nyuzi zisisogeleane. Fito hizo ni rahisi na kazi yake ni kubwa kuliko kuongeza nguzo. Kaza waya kila baada ya mvua, maana udongo ukilainika nguzo za kona huinama na uzio mzima unalegea.

Kwa mwenye mbuzi na kondoo, kama wewe, nafasi ya sentimita 45 haifai, watatoka wote. Watu wengi hutatua hilo kwa kuongeza nyuzi za miba hadi saba au nane zilizokaribiana, na huo ndio uzio mbaya kuliko wote kwa mbwa. Ni bora wavu wa mifugo kuanzia ardhini hadi sentimita 80 au 90, kisha uzi mmoja laini juu yake. Kama fedha haitoshi, weka wavu mita tano tano kwenye mapito tu, halafu endelea mwaka hadi mwaka. Kando ya kila geti tengeneza kilango cha ubao, upana sentimita 35 na urefu 40, kinachopandishwa kwa kamba na mchungaji. Usihangaike na ngazi ya kupandia: mbuzi ataipanda kabla ya mbwa.

Pale ambapo huwezi kubadilisha waya leo, funika miba. Kata bomba jeusi la maji la milimita 32, vipande vya mita moja na nusu, lipasue upande mmoja kwa kisu kwa urefu wake wote, livishe juu ya waya, kisha lifunge kwa waya wa kufungia nondo sehemu tatu. Bomba la milimita 20 halitoshi, miba itatokeza.

Na tafadhali, usiunganishe umeme kwenye seng'enge ya miba. Mnyama aliyenaswa na mwiba hawezi kuruka nyuma baada ya kupigwa. Atapigwa tena na tena mpaka mtu atokee. Umeme uende kwenye waya laini pekee. Seng'enge ya wembe, ile ya mizunguko, ikae juu ya ukuta tu, kamwe isiwekwe usawa ambao mbwa wa ulinzi anafika.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa: waya wa zamani uliolala kwenye majani. Uzio ukihamishwa, vipande hubaki, majani yanavifunika, na mbwa anavikanyaga kwa kasi. Hapo ndipo nyayo na kano za nyuma ya kifundo hukatika, na kano ikikatika mbwa wa kazi mara nyingi harudi kazini kikamilifu. Kila kipande kikusanywe na kukunjwa siku ileile uzio unapohamishwa.

Kuhusu mbwa mwenyewe: mfundishe neno moja la kusimama kwenye uzio, "ngoja", na avuke unapompa ruhusa tu. Anza na kamba ndefu na uzio ambao hana cha kufukuza. Usimtume mbwa amfuate mnyama aliye upande wa pili wa waya, hata kama unaona atafika. Mkanda wa shingoni uwe bapa na usiwe na pete zinazoning'inia, kwa kuwa mwiba ukishika pete mbwa hujinyonga. Wenye mbwa wa kufuata harufu, kama wale wa askari wa wanyamapori, wana shida ya ziada ya kamba ndefu na mkanda wa kifuani. Hapo msimamizi amsimamishe mbwa, akanyage uzi wa chini kwa buti, ainue wa juu yake kwa gunia lililokunjwa, mbwa apite, kisha kamba ipitishwe kwa mkono bila kuburutwa juu ya miba.

Ukimkuta amenaswa, usikimbilie kumvuta. Mfunge mdomo kwa kitambaa cha mita moja, kwa sababu mbwa mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu. Usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Mtu wa kwanza abebe uzito wake ili waya usiendelee kuchana. Wa pili avae glavu za ngozi na akate waya pande zote mbili za mbwa, sentimita 20 hivi kutoka mwilini, huku akiushika kwa plaizi ya pili upande wa nguzo, kwani waya uliokaza huruka ukikatwa na unaweza kumtoboa mtu jicho. Mwiba uliozama uache mahali pake hadi kwa daktari wa mifugo. Mtu akiumwa katika heka heka hizo, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua. Mbwa wa kilo 25 ana damu ya lita mbili hivi, kwa hiyo nusu lita iliyomwagika ni nyingi. Tazama ufizi: bonyeza kwa kidole, uachie, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mweupe, ondoka saa hiyo. Utumbo ukitokeza usiurudishe ndani. Ufunike kwa khanga safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, umzungushie, umpeleke.

Sasa kuhusu kidonda, sehemu ambayo watu wengi hudanganyika. Ngozi ya mbwa imelegea juu ya nyama. Mwiba ukishika na mbwa akaendelea kukimbia, ngozi huchomoka kutoka kwenye nyama, na unabaki na tundu la sentimita moja juu na mfuko mkubwa kama kiganja chini yake. Ndani ya mfuko huo kuna manyoya, udongo na kutu. Kwapa ni pabaya zaidi: kila hatua inavuta hewa ndani, na baada ya saa kadhaa utaigusa ngozi na kusikia inachakarika kama karatasi. Tundu dogo kwapani si la kuachwa lipone lenyewe.

Kata manyoya kuzunguka kidonda, kisha safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, ukisukuma kwa sirinji ya mililita 20. Tumia maji mengi, lita nzima si kupita kiasi. Usiweke spiriti, haidrojeni peroksaidi, majivu wala oili chafu. Vyote vinaua nyama iliyo hai. Dawa ya kupuliza ya rangi ya zambarau isiingie kwenye kidonda kirefu, itamficha daktari kilichomo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, zinatoboa tumbo na kuharibu figo zake. Funika kidonda mara moja, kwani mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja na funza huingia kwenye mfuko usiouona.

Afike kwa daktari ndani ya saa sita hadi nane, kidonda kikiwa bado kinaweza kushonwa. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize kama ana dawa ya usingizi ya mbwa, maana wengi vijijini wamezoea ng'ombe. Akiamua kukiacha wazi siku tatu hadi tano kabla ya kushona, usimlaumu. Kidonda kichafu kikifungwa mapema huoza kwa ndani. Mrija wa kutolea majimaji ukiwekwa, huondolewa baada ya siku tatu hadi tano. Ukingo wa ngozi ukigeuka mweusi siku hizohizo, mrudishe, ngozi hiyo imekufa. Bandeji ya mguu iache vidole viwili vya katikati vionekane, na vikivimba au kupoa ifunguliwe palepale. Mvishe kola ya plastiki asilambe. Nyuzi za mshono hutolewa siku ya 10 hadi ya 14, na kwa kidonda cha kwapa afungiwe banda dogo muda huo wote, hata kama siku ya nne anaonekana mzima na analilia kutoka na mifugo.