Miezi tisa kinyumba, na jina langu haliko popote

*Shangazi, shikamoo. Niko Kanada mwezi wa tisa sasa, naishi kinyumba na mwenzangu ambaye ana ukaazi wa kudumu. Niliingia kwa viza ya matembezi ya kuingia mara nyingi, nikagongewa miezi 6. Kabla haijaisha niliomba nyongeza, nikapewa 6 mingine. Mwenzangu ameahidi kunidhamini tukitimiza mwaka. Sasa mdogo wangu anaolewa nyumbani, nataka niende wiki 3. Mwenzangu anasema nikitoka tu, hesabu ya mwaka inaanza upya. Rafiki yangu anasema kutoka ndiyo vizuri, nitarudi nipate miezi 6 mipya, ila nisimtaje mwanamume, niseme nimekuja kwa binamu. Halafu kuna hili: mkataba wa pango, bili na benki, vyote viko kwa jina lake peke yake. Nikimwomba aniandike, anasema karatasi za nini, si tunapendana? Nimsikilize nani? – Msafiri*

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao.

Mwenzako amekosea. Kanada inataka muwe mmeishi pamoja kama mume na mke mwaka mzima mfululizo, ni kweli, lakini safari fupi ya kazi au ya kifamilia haikati mfululizo huo, mradi kwenu ni palepale na nia ya kurudi ipo. Wiki 3 za harusi ya mdogo mtu haziwezi kufuta miezi tisa. Tunza tiketi, na mkiwa mbali msiache kuandikiana, maana hata jumbe za simu huhesabiwa ushahidi.

Cha kuogopa ni kurudi. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inakufikisha mlangoni tu. Anayefungua ni afisa wa mpakani, naye hukupima upya kila unapoingia. Ile nyongeza uliyopewa ni ruhusa ya kukaa, haikutunzii nafasi ukishatoka. Anaweza kukupa miezi 6, anaweza kukupa wiki chache, anaweza kukurudisha ulikotoka. Rafiki yako amesikia habari za waliopata miezi 6 mipya kwa sababu hao ndio wanaosimulia. Aliyerudishwa uwanja wa ndege hana hamu ya kuhadithia.

Na hilo la binamu lifute kabisa kichwani. Kumdanganya afisa uhamiaji wa Kanada, au kumficha jambo la maana, kunaweza kukufungia nchi hiyo miaka 5. Tena fikiria: miezi mitatu baadaye utaapa kwenye fomu, ile IMM 5409, kwamba tangu tarehe fulani umekuwa ukiishi na mwenzako. Aliyeandika habari za binamu na atakayesoma kiapo wanafungua faili moja.

Wala huna sababu ya kuficha. Kifungu cha 22 cha sheria yao ya uhamiaji kinakubali mtu awe na nia mbili kwa pamoja: kuja kwa muda, na kutaka kuhamia baadaye. Afisa anachotaka kuridhika nacho ni kwamba muda wako ukiisha, utaondoka. Ukiulizwa, jibu: naishi na mwenzangu, tunakusudia kuomba udhamini mwaka ukitimia, na tarehe yangu ya kuondoka ni hii. Basi. Usiongeze hadithi.

Ungeniuliza mimi ningefanyaje? Angekuwa mzazi yuko hoi, ningepanda ndege kesho. Kwa harusi ningesita, nasema kweli, na mdogo wako anisamehe. Ukizuiwa mlangoni mwezi wa tisa, mbele ya sheria nyinyi bado si wenza, na mwaka mliouanza umekwama njiani. Ukizuiwa mwezi wa kumi na tatu, mwaka mnao tayari, na ombi linaweza kupita njia ya mwombaji aliye nje ya Kanada, wewe ukisubiri huko. Njia hiyo ina haki ya rufaa likikataliwa, ambayo ile ya kuombea ndani haina.

Lakini mwanangu, kilichonikosesha usingizi kwenye barua yako si harusi. Ni "karatasi za nini".

Waliofunga ndoa wana cheti kimoja na hawadaiwi kutimiza mwaka wa kuishi pamoja. Mnaoishi kinyumba hamna hicho cheti, kwa hiyo mnakijenga kwa vipande: mkataba wa pango wenye majina mawili, bili, akaunti ya pamoja, barua zinazokuja kwa jina lako kwenye anwani ileile. Mwenzako anahesabu mwaka kwa mdomo huku akizuia kila kipande kinachouthibitisha. Mwezi wa kumi na mbili utafika na mikono mitupu.

Huenda ni uzembe tu, wapo wanaume hata barua ya benki hawafungui. Lakini muulize mawili, mkiwa mmetulia. La kwanza: yeye alipataje ukaazi? Kama alidhaminiwa na mke au mwenza wa zamani, hawezi kumdhamini mwingine mpaka itimie miaka 5 tangu awe mkaazi wa kudumu, na ahadi yake kwako haina miguu kwa sasa hata kama anakupenda. La pili: anajua anachotakiwa kutia sahihi? Mdhamini anaahidi kubeba mahitaji yako ya msingi kwa miaka 3 tangu upate ukaazi, na mkiachana ahadi haifutiki. Isitoshe, mwaka ukitimia, watu wa kodi nao lazima waambiwe kwamba ana mwenza. Akiendelea kujiandika hana mtu huku akikudhamini, karatasi zake mwenyewe zitamsuta. Mtu akiogopa mzigo huo simlaumu, ila akuambie anaogopa, asijifiche nyuma ya mapenzi.

Kisha mwombe jambo moja dogo wiki hii: mwenye nyumba aongeze jina lako kwenye mkataba, hata kama mkaaji tu. Halimgharimu senti. Akikubali, kaeni mpige hesabu ya safari pamoja. Akikataa hata hilo, nenda harusini mwanangu, na usikate tiketi ya kurudi kwanza.