Unapoanza kuandika historia ya Shimo la Tewa na wafungwa wake

Wanafunzi wengi wanaokuja Mombasa kuandika kuhusu gereza hili hukimbilia mahojiano, wakarudi na majina ya washtakiwa mashuhuri na visa visivyo na tarehe. Anza na karatasi za mahakama. Mtu huingia gerezani kwa hati na hutoka kwa hati, na usipojua kuzisoma, hata mzungumzaji mkweli atakupoteza.

Kabla ya hapo, jua unaandika kuhusu mahali gani. Serikali ya kikoloni iliifanya Fort Jesus kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, kisha ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Kwa hiyo ukikuta habari ya aliyefungwa ngomeni miaka ya 1920, huyo alikuwa kisiwani, pale Mji wa Kale. Miaka 63 ya ngome kuwa jela inastahili sura yake, usiipitie kwa sentensi moja ukielekea kwingine. Shimo la Tewa liko bara ya kaskazini, Shanzu, kabla hujavuka daraja la Mtwapa. Nalo si jengo moja: kuna gereza kuu la wanaume lenye ulinzi mkali, gereza la wanawake, na borstal ya wavulana, yaani taasisi ya kurekebisha vijana waliotiwa hatiani. Kuna pia shule ya upili yenye jina hilohilo. Ukisoma kwamba fulani "alipelekwa Shimo la Tewa", uliza wapi hasa. Kisheria borstal humshikilia kijana kwa muda usiozidi miaka 3, kwa hiyo habari ya mvulana aliyepewa miaka 10 ya borstal ina kosa mahali.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuwaita wote wafungwa. Mahabusu hajahukumiwa, anasubiri kesi yake. Watenganishe tangu ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Vilevile usichanganye idadi ya waliolala gerezani siku fulani na idadi ya walioingia mwaka mzima. Mahabusu huingia na kutoka kila wiki, na hesabu ya mwaka inaweza kuipita ile ya siku mara nyingi bila gereza kuongezeka hata kitanda kimoja.

Ukishapata hukumu, fanya hesabu ya kifungo. Sheria ya Magereza, sura ya 90, kifungu cha 46, inampa aliyefungwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi kwa kazi na nidhamu njema. Wa kifungo cha maisha hapati, wala anayezuiliwa kwa ridhaa ya Rais, yaani bila muda uliowekwa. Tazama mfano huu: mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 miaka 7 kila mmoja kwa uharamia, baada ya wanamaji wa Marekani kuwakamata baharini na kuwaleta Kenya. Miaka 7 ni miezi 84. Theluthi yake ni 28, inabaki 56, yaani miaka 4 na miezi 8. Anayeandika kwamba walitoka 2013 kwa sababu tu 2006 na 7 ni 2013 ameruka kifungu hicho. Hata hivyo hiyo 56 ni kipimo tu. Siku halisi ya kutoka itafute kwenye rekodi. Angalia pia kama hakimu alihesabu muda wa rumande, maana kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka auzingatie.

Waliohukumiwa kunyongwa wanahitaji subira zaidi. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo. Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 ikawa kifungo cha maisha, na Rais Kenyatta akafanya hivyo tena Oktoba 2016. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumfunga jaji mikono asiwe na adhabu nyingine ila kifo. Wengi wakarudi mahakamani kuhukumiwa upya, hadi Julai 2021 Mahakama hiyo ilipofafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi tatu zenye adhabu tatu, na zote ni za kweli. Ziandike kwa mfuatano wa tarehe, usichague moja.

Maharamia ndio waliofanya Shimo la Tewa lijulikane ng'ambo, na hapa sheria ndiyo historia yenyewe. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichotumika mwanzo, kikafutwa na Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009. Juni 2010 mahakama yenye ulinzi maalumu ilifunguliwa Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Miezi michache baadaye, Novemba, Jaji Mohamed Ibrahim aliamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka bahari kuu. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo Oktoba 2012. Tarehe ya kukamatwa, basi, ni muhimu kuliko jina la meli.

Usiwasahau waliokwenda mahakamani wao wenyewe. Kesi iliyowapa wafungwa haki ya kupiga kura ya maoni ya Katiba, Agosti 2010, ilitoka Shimo la Tewa. Jambo kama hilo lina uzito kuliko mshtakiwa yeyote wa kurasa za mbele.

Namba za kesi hubadilika kesi inapopanda: moja kwa hakimu, nyingine Mahakama Kuu, nyingine kwenye rufani. Ziandike zote kwenye mstari mmoja wa daftari. Majina yaandike kama yalivyo kwenye hukumu, kwa sababu Mohamed, Mohamud na Muhammad wanaweza kuwa watu watatu ndani ya kesi moja.

Mahojiano yaje mwisho. Omba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha ruhusa ya Idara ya Magereza, na uanze mapema. Mtu akikosa tarehe, usimbane kwa mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya magodoro na televisheni kuruhusiwa wakati wa mageuzi ya magereza ya Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais, yaliyoanza 2003. Usimuulize mahabusu alichotenda: kesi yake haijaisha, na maneno yake kwenye daftari lako yanaweza kumdhuru. Idhini aitoe bila afande kusimama karibu, na ajue kwamba kukataa hakutamletea taabu.