Mwanangu, kuhusu kile kiwiko chako

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara mbili. Eti daktari wa huko kakuambia kile kiwiko kinachokuzuia kugeuza kiganja juu kinaweza kupasuliwa, nawe ukaniuliza, mama, mbona hamkunifanyia operesheni nikiwa mdogo? Pesa hazikuwepo, kweli, lakini sababu haikuwa hiyo.

Ulikuwa na miaka minne, baba yako anaomba dua, watoto wote wamefungua viganja juu, vyako vinatazamana kama mtu anayetaka kupiga makofi. Nikaupindua mkono wako, haupinduki, na wewe hata hulii, unacheka tu. Dukani ukirudishiwa chenji unainamisha bega zima ndo sarafu ziingie mkononi, watu wanasema huyu mtoto hana adabu. Bibi yako akakupeleka kwa fundi wa kuunga mifupa bila kuniambia, ukavutwa, ukarudi umevimba, siku hiyo nyumba haikukalika!

Hospitali daktari wa mifupa aliniuliza mara tatu kama uliwahi kuanguka, manake mtoto akianguka mfupa mmoja wa mkono ukavunjika, mwenzake unaweza kuchomoka kiwikoni, na huo ni wa kuwahi kurudisha. Tukapiga eksirei mikono yote miwili, kumbe yote iko vilevile. Akanionyesha kwenye mwanga, mfupa wa upande wa dole gumba, kichwa chake cha kiwikoni huwa na kishimo kama kisosi, chako duara kama gololi, tena kimekaa nyuma ya mahali pake. Akasema mama, hiki hakijachomoka, kimeumbika hivi tangu tumboni, nikikirudisha hakina pa kukaa.

Nikamwambia basi kikate hicho kichwa cha mfupa. Akakataa kabisa. Mtoto anakua, ukikata sasa mfupa unasogea juu, kifundo cha mkono kinaanza kuuma, kiwiko kinapinda kwenda nje, na penyewe palipokatwa panaweza kuota tena. Wapo wanaokirudisha kwa watoto wadogo kwa kukata na kunyoosha ule mfupa wa pili, ila matokeo mara hivi mara vile, na wewe ulikuwa huumwi, unapanda miembe ya watu. Tukakuacha, na sijutii.

Sa hivi una miaka 24, umeshamaliza kukua, na unasema kinagonga na kinauma ukibeba ndoo, hapo mambo yamebadilika. Kukata hicho kichwa cha mfupa kunaweza kupunguza maumivu, ila usitegemee kiganja kitafunguka kama cha dada yako. Muulize huyo daktari wako kifundo cha mkono kitakuwaje, alafu muulize na mshipa wa fahamu unaopita hapo karibu, ule wa kunyanyua vidole, usikie anajibu nini kabla hujasaini.

Eksirei yako ya zamani ninayo, iko kwenye bahasha ya kaki nyuma ya kabati, imejikunja pembeni kidogo. Kesho naipeleka stendi, nitampa kondakta, uwahi kuipokea.