Saa Tisa ya Kiswahili au ya Simu? Kuagiza Gari ya Uwanja wa Ndege Dar ukiwa Pemba

Kwetu Wete, mtu akipewa rufaa ya spitali ya Dar es Salaam huhangaikia mambo matatu: fedha, jamaa wa kufikia, na gari ya kumtoa uwanja wa ndege. Mawili ya mwanzo kila mtu na bahati yake. La tatu wananipigia mie. Sina kampuni, sina hata gari. Nna simu tu, na makosa niliyotangulia kuyafanya kabla ya wenzangu.

Kosa la kwanza nilimfanyia mama yangu mwenyewe. Alikuwa anakwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kwa ajili ya goti. Ilikuwa Julai, kusi limekaza, na mama ni mtu ambaye boti ikitoka tu Mkoani anaanza kutafuta mfuko. Tukamkatia tiketi ya ndege: Pemba, Unguja, kisha Dar. Tiketi ikasema atatua 15:40. Siku nzima nikawa nawaambia watu "mama atafika saa tisa na dakika arubaini", jioni nikafungua programu ya kuagizia gari, ikaniuliza saa ya kufika. Kidole kikaenda chenyewe kwenye tisa. 09:40. Nikalipa nusu ya fedha, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kesho yake, saa tatu na dakika arubaini asubuhi, mama yupo jikoni anachovya mkate wa kumimina kwenye chai, simu yangu ikaita. "Kaka, nipo uwanjani na kibao cha jina, abiria wote wameshatoka, mama simuoni." Nikamwambia hawezi kumuona, kwa kuwa mama ninamuona mie. Alikuwa muungwana, akacheka. Kampuni yake haikucheka: fedha hairudi, na gari ya alasiri imeshachukuliwa na mwengine. Sikuwa na la kusema, waliandikiwa 09:40 wakaja 09:40. Mama alipanda teksi ya mlangoni, akalipishwa alivyolipishwa, na mpaka leo nikimtajia saa ananiuliza, "Ya Kiswahili au ya simu?"

Nimeshaagiza gari nyingi tangu hapo, na karibu kila tatizo nililoliona lina asili moja na lile la mama. Mpemba na dereva wa Dar wanasema Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeona haja ya kuuliza mara mbili. Mgeni wa Ulaya anayeagiza gari huandika kila kitu kwa urefu, maana anajua hatoeleweka. Sisi tunasema "saa tisa, uwanjani, Muhimbili", tunakata simu. Maneno matatu, na kila moja lina njia zaidi ya moja ya kulifahamu.

Saa tumeshaiona. Siku hizi naandika zote mbili: saa tisa na dakika arubaini alasiri, 15:40. Neno "alasiri" lisiachwe hata kama unaona linajulikana.

Siku nayo ina mtego wake, na huu unatukamata sisi wa visiwani kuliko watu wa Bara. Binamu yangu alikuja kutoka Maskati kwa ndege inayotua Dar saa saba na robo za usiku. Kwenye tiketi tarehe imeshaingia Jumamosi. Nikamwandikia dereva: "mpokee usiku wa Jumamosi". Kwetu usiku unatangulia mchana wake. Jua likizama Ijumaa tumeshaingia usiku wa Jumamosi, na ndivyo wazee wetu walivyohesabu siku zote, ndivyo tunavyohesabu mwezi wa Ramadhani. Kwa yule dereva, usiku wa Jumamosi ni ule unaokuja baada ya Jumamosi kwisha. Alilala zake kwa amani. Binamu alikaa juu ya sanduku lake mpaka karibu na alfajiri, ananitumia ujumbe wa sauti ambao sitouweka hapa. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi", weka na tarehe kama ilivyo kwenye tiketi, halafu mpigie dereva mchana wa Ijumaa umuulize: "Leo unalala saa ngapi?" Akikujibu kwamba analala mapema, jua hamjafahamiana.

Tuje kwenye "uwanjani". Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, pale Kipawa, una majengo matatu ya abiria, na hayakukaa pamoja kama maduka ya Darajani ambapo ukikosa hili unaingia la pili. Jengo la tatu, lile kubwa lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje ya nchi. La pili ndilo la ndege kubwa za ndani. La kwanza, la zamani, liko upande wake peke yake, na ndiko zinakoteremkia ndege ndogo ndogo, zikiwemo hizi zetu za abiria kumi na kidogo. Dereva wa Dar ambaye kazi yake ni kupokea watalii ukimwambia "mgeni anatoka Zanzibar kwa ndege", atakwenda la tatu au la pili kwa mazoea. Mama mmoja jirani yetu alikaa nje ya jengo la kwanza na fimbo yake karibu saa nzima huku dereva kasimama na kibao la pili. Wote wawili wanasema kwenye simu "nipo hapa mlangoni". Mlango upi?

Kwa hiyo kabla ya kuagiza gari, waulize waliokukatia tiketi: ndege hii inashusha abiria jengo namba ngapi? Usikisie kwa kuwa mara ya mwisho ilikuwa hivi. Na ukimpata dereva, muulize yeye akwambie jengo, usimwambie wewe. Akitaja sawa bila ya kusaidiwa, huyo anaijua kazi.

Ndege ndogo zina tabia nyengine. Dereva anayempokea mtu wa Maskati anaweza kuifuatilia ndege kwenye simu yake, akajua imechelewa, akakaa nyumbani. Ndege yetu ya Pemba si ya kutegemea kufuatilia hivyo. Ikijaa mapema inaweza kuondoka mapema, abiria wa Unguja akichelewa nayo inachelewa. Njia niliyoigundua ni rahisi mno hata naona haya kuiandika: abiria akitua Unguja, na akawa anasubiri pale kuendelea, apige simu au anibipu tu. Kutoka Unguja hadi Dar ni dakika kama ishirini angani. Hapo ndipo nampigia dereva, "wanaondoka sasa hivi". Simu ya abiria iwe na chaji na iwe na salio, na namba ya dereva iandikwe pia kwenye karatasi. Wazee wetu wanajua kupokea simu, lakini kutafuta namba iliyohifadhiwa ndani ni safari nyengine.

Muhimbili. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kuna Muhimbili ya Upanga, katikati ya mji, na kuna Muhimbili Mloganzila, nje kabisa upande wa Kibamba, njia ya Morogoro. Zote ni spitali ya Muhimbili, barua zote zimeandikwa Muhimbili. Gari uliyopatana kwenda Upanga haiwezi kukupeleka Mloganzila kwa bei ileile, na dereva hatokuwa na kosa akitaka kuongezwa. MOI ya mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zipo Upanga. Wa saratani wanaopelekwa Ocean Road wanakwenda sehemu nyengine tena, karibu na bahari. Soma barua ya rufaa mpaka mstari wa mwisho, usitosheke na kichwa chake. Na kama mgonjwa anafikia kwanza kwa jamaa Magomeni au Ilala, mpe dereva namba ya huyo jamaa, wazungumze wao kwa wao. Wao ndio wanaojua duka lipi lipo kona, na uchochoro upi gari haingii. Lokesheni ya WhatsApp ni nzuri, ila itumwe na mtu aliyesimama mlangoni pake, si na mtoto wake aliyepo kazini Posta.

Sasa, je, kila mtu aagize gari? Hapana. Kijana mzima mwenye mkoba mmoja, akitua mchana, sioni kwa nini alipie gari ya kusubiriwa. Teksi zipo mlangoni, na zipo hizi za kuita kwa simu ambazo bei unaiona kabla ya kupanda. Mimi mwenyewe nikienda peke yangu siagizi kitu. Gari ya kuagiza ni ya mgonjwa, ya mzee, ya mama mwenye watoto watatu, ya anayetua usiku wa manane, na ya yule ambaye hajawahi kuvuka bahari hii na moyo unamdunda. Unacholipia hasa ni mtu anayelijua jina lako, kasimama, anakungoja.

Ndiyo maana siku hizi sifuati sana kampuni. Nna madereva wawili, mmoja nilimpata kupitia jamaa wa Kariakoo, wa pili ni yule yule aliyemngoja mama asubuhi ile, ambaye baadae aliacha kampuni akawa na gari yake. Nawatumia ujumbe wa maandishi hata tukishazungumza, ili kila mmoja awe na kitu cha kurudia kukisoma. Ujumbe wenyewe huwa hivi: "Assalam alaykum. Jumatano tarehe 14, saa tisa na dakika arubaini alasiri, 15:40. Jengo la kwanza, ndege ndogo kutoka Pemba kupitia Unguja. Watu wawili, bibi ana fimbo. Wanakwenda MOI, Muhimbili ya Upanga. Bei 40,000 pamoja na maegesho na kusubiri saa moja. Niandikie tena kama ulivyofahamu." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Akijibu "sawa bosi", namrudishia: niandikie tena.

Hiyo 40,000 ni yangu na huyo dereva, usiende kuwadai wengine kwayo. Lakini kilichomo ndani ya bei ndicho ugombane nacho mapema. Maegesho ya uwanjani yanalipiwa: nani analipa? Ndege ikichelewa, anasubiri muda gani bila ya kuongeza? Ukipita njiani kuchukua dawa au kumshusha mtu, ni bei ileile? Mambo haya yakiulizwa jioni kabla ya safari ni mazungumzo, yakiulizwa gari ikishasimama mbele ya geti la spitali ni ugomvi, na mgonjwa ndani anasikiliza. Fedha ya kutanguliza isizidi kidogo ya mafuta, na itumwe kwenye namba ambayo jina linalotokea ndilo jina la dereva. Jina likiwa jengine, usitume kwanza, uliza.

Aina ya gari nayo itaje. IST inatosha watu wawili na mikoba. Lakini safari zetu unazijua: anaanza mgonjwa na mtu wa kumwangalia, siku ya kuondoka wameshakuwa wanne. Hapo sema Noah. Kiti cha magurudumu kikiwepo, sema pia. Mizigo kwa bahati inapunguzwa na ndege yenyewe, kwani nyingi za ndege ndogo zinatoa kilo 15 tu kwa abiria, na nimewaona watu wakifungua mabegi pale uwanjani kwetu, wanatoa nguo ili halua ya Wete ipate nafasi. Sisemi kitu. Kwa jamaa wa Dar halua ina thamani kuliko kanzu ya pili.

Kuhusu foleni nitasema kidogo. Kutoka Kipawa hadi mjini ni kama kilomita kumi na mbili, barabara ya Nyerere, unapita juu pale TAZARA kwenye daraja la Mfugale. Usiku mwingi unafika kabla hujamaliza kuwapigia watu simu. Jioni wanapotoka makazini ni habari nyengine. Kama miadi ya spitali ni asubuhi, mgonjwa alale Dar usiku wake. Asitoke Pemba siku ileile akitegemea gari, hata dereva awe hodari vipi.

Na agiza ya kurudi mapema, kabla hata hujapanda ya kwendea. Watu wanasahau hii kwa kuwa mawazo yote yapo kwenye kufika. Siku ya kuruhusiwa spitalini saa haijulikani, mgonjwa amechoka, jamaa wapo kazini, na ndege ndogo haikungoji. Mwambie dereva siku unayoikadiria, umuombe aiweke akilini, umthibitishie ukishapata karatasi. Saa ya kumfuata mgonjwa ihesabiwe kutoka Muhimbili na foleni yake, si kutoka uwanjani.

Ukitua Pemba huhitaji haya yote. Unatoka nje, na kama hukupata mtu wa kwenu, utapata mtu anayemjua mtu wa kwenu. Mama aliporudi na goti lake lililofungwa bendeji, gari iliyomchukua kutoka uwanja wa ndege hadi Wete ilikuwa ya mtu aliyesoma skuli na kaka yangu, na hakutaka kupokea fedha mpaka mama alipoitupa kwenye kiti cha mbele, akafunga mlango.