Maji ndani ya kopo la kunasa oili: je, gasketi imeungua?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mkazi wa Limuru. Gari langu ni la petroli, lina turbo, na miezi miwili iliyopita nilifungiwa kopo la kunasa mvuke wa oili kwenye mpira unaotoka kwenye injini kurudi katika njia ya hewa. Jumamosi nililifungua nikakuta kama nusu kikombe cha uji wenye rangi ya chai ya maziwa, na chini yake maji matupu. Fundi wangu anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayotenga maji ya kupoza injini na oili na silinda) imeungua na anataka kuifungua. Gari halijawahi kuchemsha, na kazini kwangu ni kilomita nne tu. Je, nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu bado. Maji katika kopo hilo, yakiwa peke yake, si ushahidi wa gasketi kuungua, na kwa maelezo uliyoyatoa ninaona kwamba kopo linafanya kazi uliyolinunulia.

Petroli inapoungua, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa na kuwa maji, kiasi kwamba lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutoka kwa njia ya egzosi, ndiyo maana gari likiwashwa asubuhi ya baridi utaona bomba linadondosha matone. Sehemu ndogo, hata katika injini nzima kabisa, hupenya kwenye ringi za pistoni, ikashuka palipo na oili, kisha ikavutwa kupitia valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini na kuurudisha katika njia ya hewa, ili irudi kuunguzwa. Kopo lako limekaa katikati ya njia hiyo, mbali na joto la injini, kwa hiyo mvuke ukifika humo hupoa na kuwa maji, kama unavyoona kwenye mfuniko wa sufuria ya wali ukiuinua. Maji hayo yalikuwapo hata kabla ya kopo kufungwa. Tofauti ni kwamba sasa unayaona.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti ukungu na baridi ya huko havihitaji kuelezwa. Katika safari ya kilomita nne maji ya rejeta huweza kupata moto, lakini oili hupata moto polepole zaidi, na isipofika nyuzi 80 au zaidi na kukaa hapo kwa muda, unyevu uliomo hauondoki. Unazima gari, injini inapoa, na kesho unaongeza mwingine.

Kabla ya kuituhumu gasketi, kagua thamostati, yaani valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Katika gereji zetu kuna mazoea ambayo sijayapenda tangu nianze kazi hii: gari likichemsha mara moja, thamostati hutolewa na kutupwa, eti injini ipoe vizuri. Injini ya namna hiyo haifikii joto lake, hasa nyanda za juu, na maji hayakauki ndani ya oili kamwe. Julai moja niliwahi kuletewa gari lenye lalamiko kama lako. Mshale wa joto haukupita robo, na thamostati tuliikuta kwenye kisanduku cha dashibodi, imefungwa kwa kipande cha gazeti.

Gasketi nayo ina dalili zake. Gari likiwa limepoa kabisa, weka alama kwenye kiwango cha maji katika tangi dogo la akiba na ulitazame kila asubuhi kwa wiki mbili. Kikishuka bila kuvuja nje, hapo pana neno. Chomoa kijiti cha kupimia oili: utando wa maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili pekee ni jambo la kawaida wakati wa baridi, lakini oili yote kwenye kijiti ikiwa na rangi hiyo, usiwashe gari tena. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ina rangi na harufu tamu, kwa hiyo mimina uchafu wa kopo katika chupa angavu, uuache usiku kucha, kisha utazame maji yaliyotulia chini. Kipimo hiki hakitakusaidia iwapo rejeta yako imejazwa maji ya bomba, kama wengi wanavyofanya. Katika hali hiyo, mwambie fundi apime mdomo wa rejeta kwa kile kimiminika cha buluu kinachogeuka manjano kikikutana na moshi wa silinda. Kipimo hicho huchukua dakika chache; kufungua hedi ni kazi ya siku nzima au zaidi, pamoja na gasketi mpya na boliti.

Kopo lenyewe limwage kila wiki mbili katika miezi ya baridi, kwa sababu likijaa, turbo inaweza kuvuta maji na oili kwa pamoja hadi kwenye silinda. Usiyarudishe hayo kwenye injini, kwani yana mabaki ya petroli na tindikali, wala usiyamwage shambani. Yaweke pamoja na oili chafu.

Baada ya kulimwaga, endesha hadi Naivasha na kurudi, kisha ulifungue tena. Ukikuta oili nyeusi na matone machache tu ya maji, na alama kwenye tangi la akiba haijasogea, mwambie fundi wako aweke spana chini. Ukikuta maji mengi kama yale ya Jumamosi ilhali oili ilipata moto njia nzima, fanya kile kipimo cha buluu siku hiyo hiyo.