Kioo kimebadilika rangi? Usikitupe bado

Shikamoo fundi. Nina stesheneri hapa Ujiji. Kompyuta niliyonunua ina tundu la HDMI tu, nikaiunga na monita yangu ya zamani ya VGA kwa adapta. Sasa picha za pasipoti za wateja zina sura za feruzi. Monita imekufa?

Marahaba. Huenda ni nzima kabisa, na rangi hiyo inakupa dalili nzuri. Waya wa VGA hupitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye pini yake: namba 1, 2 na 3, safu ya juu. Nyekundu isipofika, cheupe hugeuka feruzi, kama maji ya ziwa pale Kibirizi jua likiwaka. Ikikosekana kijani utaona pinki iliyokolea; ikikosekana bluu, njano.

Anza kwa kubonyeza kitufe cha menyu kwenye monita yenyewe. Maandishi ya menyu yakiwa na rangi zake sahihi, kioo hakina kosa. Zima, chomoa waya, tazama pini. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibanio chembamba, kisha rudisha na ukaze skrubu zote mbili. Ukikuta pini moja ya safu ya kati haipo, usishtuke: namba 9 huachwa na watengenezaji wengi, na si pini ya rangi.

Bado feruzi? Azima waya mwingine. Isipobadilika, shuku adapta, maana ndani yake kuna chipu inayogeuza kila rangi kutoka dijitali ya HDMI kwenda analojia ya VGA, na njia moja ikifa rangi yake hupotea. Adapta ni bei ndogo kuliko monita.

Nakuomba jambo moja: usirekebishe picha za wateja kwa kioo hicho. Ukiongeza wekundu ukitafuta sura zipendeze machoni pako, printa itatoa watu wekundu, na karatasi utakuwa umeshaipoteza.

Fundi, mimi niko Kasulu. Kioo changu huwa cha njano jioni tu, asubuhi kinakuwa sawa.

Waya haujui saa. Hiyo ni programu ya kupunguza mwanga wa bluu usiku. Katika Windows iko kwenye mipangilio ya skrini. Izime.

Fundi, natumia adapta ya HDMI kwenda DVI, aina nyingine ya tundu la monita, hapa Tabora mjini. Picha imefifia, nyeusi inaonekana kijivu.

Kompyuta inadhani imeungwa na televisheni, hivyo inatuma viwango vya rangi kuanzia 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe), wakati monita inasubiri 0 hadi 255. Fungua mipangilio ya kadi ya picha, yaani sehemu ya kompyuta inayotuma picha kwenye monita, chagua RGB (nyekundu, kijani, bluu) yenye upeo kamili wa 0 hadi 255. Ukiwa huko hakikisha haijawekwa YCbCr, mfumo wa rangi wa televisheni, kwani monita nyingi za DVI haziielewi na utaona pinki na kijani vimetapakaa kila mahali.

Nitajuaje kama tatizo ni programu au waya?

Piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, si kwa kamera, uitume kwenye simu yako. Ikionekana safi kwenye simu, shuku adapta, waya au monita, ila kwanza kagua mwanga wa usiku na mipangilio ya kadi ya picha, maana hivyo kwa kawaida havionekani kwenye picha ya skrini. Rangi mbaya ikija nayo hadi kwenye simu, weka bisibisi chini, shughulika na programu.